Fahali wa Maboksi Aliyekohoa

Mkinikuta mbele ya duka pale Tukuyu mjini nimekumbatia boksi la friji na pua nimeichomeka ndani, msicheke kwanza. Najua mnacheka. Juzi mmoja wenu aliniuliza kama ndani kumebaki kitu cha kula. Nikamwambia anuse na yeye. Akanusa, akasema halina harufu yoyote. Basi hilo ndilo boksi zuri, nikamwambia, libebe twende.

Kazi ya sanamu za maboksi nimeiacha kwa sababu vidole vimekataa kushika kisu, lakini pua bado iko kazini. Mnaniuliza habari za ngamia wa kanisani, za kifaru wa shule, za birika la chai lililokuwa kubwa kuliko banda la kuku. Nitawasimulia vyote mkinivumilia. Ila kazi yangu yote imesimama juu ya fahali mmoja, na fahali huyo alisimama kati yangu na mzee ambaye sikuruhusiwa kumtazama. Mzee huyo ni baba mkwe wangu.

Wengi wenu mmekua mkiona baba mkwe na mkamwana wamekaa kochi moja wanatazama tamthilia. Sisi tulikuwa na ukutila, yaani kumwogopa mkwe kwa heshima. Mkamwana hakutani na baba mkwe njiani, hamtazami usoni, hasemi naye, hamtaji jina. Jina lake silitaji hata leo, kwa hiyo msiniulize. Yeye kwa upande wake alikuwa na adabu ya kukohoa. Akitoka kwake kuja upande wa nyumba yetu, alikohoa tangu mbali ili nipate muda wa kuingia ndani au kujitosa kwenye migomba. Kikohozi chake nilikijua miaka mingi kabla sijaijua sura yake. Siku moja nilijitosa migombani na boksi la redio kichwani, mwili ukajificha, boksi likabaki nje linaonekana lote. Nilisikia hatua zake zinasimama, kisha zinaendelea taratibu. Jioni alimwambia mwanawe kwamba mgomba wetu mmoja umezaa redio.

Desturi ilikuwa na mlango wake wa kutokea. Katika ukoo wa mume wangu, mzee akitaka kumfungulia mkamwana alimpa ng'ombe. Akishampa, basi, waliweza kuonana na kusemezana, na mkamwana aliweza kumpa chakula kwa mkono wake. Wake wa shemeji zangu wote walipewa ng'ombe zao, kisha wakahamia Mbeya na Dar es Salaam na waume zao. Mimi niliolewa mwisho, na kabla zamu yangu haijafika ugonjwa wa ndigana uliingia zizini ukamaliza ng'ombe wote. Mume wangu, Ambakisye, alitaka kununua ng'ombe ampe baba yake ili baba yake anipe mimi. Mzee alikataa kabisa. Alisema ng'ombe wa namna hiyo ni sawa na mtu kujinunulia zawadi yake mwenyewe, na kwamba atanipa ng'ombe wake, au hatanipa kitu.

Hapo ndipo tulipokwama. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Ambakisye alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha chai, anatoka asubuhi na mapema anarudi jioni. Uani tulibaki mimi na mzee, kila mmoja anamkimbia mwenzake. Chakula nilipika mimi, akapeleka jirani yetu Mama Subi. Mzee alikuwa anazidi kukonda, nami nilikuwa najiuliza usiku na mchana: akianguka Mama Subi hayupo, nani atamwinua?

Sasa tuje kwenye maboksi, maana naona mmoja anasinzia.

Kabla ya miaka ya ruksa, boksi lilikuwa mali. Mwenye duka alikuwa nalo moja, analikalia. Kisha biashara ikafunguliwa, malori yakaanza kushusha sabuni, betri, biskuti, mafuta ya kupikia na redio, mengine yakipanda kutoka mpakani Kasumulu. Watu waligombea bidhaa, maboksi yakatupwa mitaroni. Wenzangu walitazama redio, mimi nikatazama nguo yake. Nilikuwa nimezoea kuwafinyangia watoto vinyago vya udongo, nikaona hapa kuna udongo usiochafua mikono.

Ngamia wangu wa kwanza nilimtengenezea kwaya kwa ajili ya igizo la Krismasi. Katikati ya wimbo miguu ya mbele ilikunjika akapiga magoti, na mchungaji akawaambia waumini mwoneni, hata ngamia anasujudu. Watu wakapiga vigelegele. Mtu mmoja tu hakudanganyika, Mzee Gwakisa. Alikuwa akitengeneza masanduku ya mbao ya kufungia chai kiwandani, na walipohamia kwenye mifuko ya karatasi, wakamuaga. Baada ya ibada alimgeuza ngamia wangu miguu juu, akaniambia nimezilaza mbavu badala ya kuzisimamisha.

Hilo shikeni. Chana boksi pembeni mtazame ndani: kuna mbavu zimepangana. Mbavu zikisimama wima, mguu unabeba. Zikilala, mguu unakunjika hata mbele ya Mungu. Ukitaka kupata mviringo wa tumbo, kunja kwa kufuata mbavu, baada ya kupitisha kitambaa chenye maji upande wa ndani, maji kidogo tu. Mzee Gwakisa alikuwa akisema boksi ni kama mtu mzima, ukimlazimisha anavunjika, ukimuuliza anapenda kukunjikia wapi anakuonyesha. Kiunzi alinifundisha kukifanya kwa mianzi iliyokaushwa, kufungwa kwa kamba za migomba zilizoloweshwa, kwa sababu zikikauka zinajikaza zenyewe. Gundi ni uji wa muhogo uliopikwa hadi ung'ae, na ndani yake mrututu kidogo, ile dawa ya buluu ya kahawa. Usipoweka mrututu, panya watakula sanamu yako kwa raha zao na watoto watafuata. Juu ya boksi unabandika karatasi za mifuko ya saruji, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka likauke kabla ya lingine.

Likauke. Rahisi kusema. Huku kwetu mvua haiulizi mwezi, na ukungu unaingia mpaka kwenye kabati la nguo. Nilikuwa nabandika leo, kesho kutwa bado inateleza kama kambale. Ndipo Ambakisye akaniambia kiwandani kuna chumba cha kunyaushia majani, feni zinapuliza hewa ya joto. Akaongea na wenzake, vipande vyangu vikaingia kando ya majani mabichi. Nilifurahi, vilitoka vikavu kama biskuti.

Ninyi mliokulia kwenye chai mmeshajua kilichotokea. Maboksi yangu yalikuwa ya sabuni, ile sabuni ya kuogea yenye harufu ya waridi, na chai inavuta harufu ya jirani yake. Mwonja chai alionja, akatema, akaonja tena, akauliza nani ameoga humu ndani. Ambakisye nusura apoteze kazi, na wakati ule kiwanda kilikuwa kimepata wenyewe wapya, walikuwa wanatafuta wa kupunguza. Alirudi nyumbani na vipande vyangu begani, akavitua, akasema mke wangu nakupenda, ila usinitume tena. Tangu siku ile sikati boksi kabla sijalinusa.

Basi palibaki paa moja tu kubwa na kavu: zizi la mzee. Lilikuwa refu, la mianzi na matope, na jiko la moshi katikati lililokuwa likifukuza mbung'o na baridi. Lilikaa tupu, na mzee alikuwa anakwenda kukaa humo kila asubuhi bila kufanya kitu. Ambakisye aliniombea. Jibu lilikuja kwamba asubuhi zizi ni la mwenye zizi, mchana mwenye maboksi anaweza kuingia.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi kubwa kuliko zote. Mfanyabiashara mmoja alikuwa anafungua duka la dawa za mifugo Mbeya, akataka fahali wa kusimama nje ya duka, mkubwa kuliko ng'ombe wa kweli, mtu akimwona asahau alikokuwa anakwenda. Nilijenga kiunzi hadi mgongo ukapita kichwa changu. Tumboni niliacha mlango wa kuingilia, kwa sababu sanamu kubwa inabandikwa nje na ndani, ukiibandika nje tu inabonyea.

Mchana mmoja niko ndani ya tumbo nabandika, nikasikia fimbo ya mzee inagusa sakafu. Hakukohoa. Kwa nini akohoe? Aliona zizi kimya, akadhani nimekwenda sokoni. Nikaganda na brashi mkononi. Kutoka siwezi, tutagongana. Alizunguka taratibu, kisha akaanza kuzungumza na fahali. Alimwuliza mgongo huu ni wa ng'ombe au wa meza. Alimwuliza nundu yake ameikopa kwa ngamia wa kanisani? Akasema makwato hayo yanafaa mbuzi, na kwamba hayo masikio yamechomoza kama milango ya kabati, hajapata kuona ng'ombe mwenye masikio ya hivyo tangu azaliwe.

Nilivumilia. Lakini moshi wa jiko ulikuwa umeingia tumboni, na koo halina heshima. Nikakohoa.

Nilijua nimeharibu, nimemkosea mzee ndani ya zizi lake. Nilikuwa nasubiri fimbo itoke nje kwa hasira.

"Kumbe fahali anakohoa," akasema. "Basi ana homa ya mapafu. Mwambieni anayemtibu kwamba nundu ishuke kidogo ikae juu ya mabega."

Akatoka, na alipofika uani akakohoa kwa nguvu, kile kikohozi cha adabu, ili nijue amekwenda. Nilikaa humo tumboni nikacheka mpaka machozi, kisha nikalia kidogo, kwa sababu yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu niolewe.

Kuanzia hapo tukawa na utaratibu wetu. Mchana anakuja, anakohoa, mimi nasimama upande wa pili wa fahali, na kila mmoja anazungumza na fahali. Hatukuvunja desturi, maana hakuna aliyekatazwa kuongea na boksi. Akisema mwambie huyo fundi goti la nyuma linaangalia nyuma, ninarekebisha goti. Nikisema muulize mzee mkia unaanzia wapi, anaeleza, na akieleza mkia anapitia na hadithi ya ng'ombe aliyekuwa nao, nani alizaa nani, nani alimpiga teke mpwa wake. Fahali wake bora alikuwa akiitwa Bwana Shamba, kwa vile alikuwa hawezi kupita shamba la mtu bila kuingia kulikagua. Baada ya siku chache nikamsikia anamwita hata wa maboksi Bwana Shamba. Nilirekebisha kila alichosema isipokuwa masikio. Masikio niliyapenda yalivyo, nikamwambia fahali amwambie mzee kwamba hayo hayapungui. Fahali alipewa jibu anipelekee kwamba fundi ni mkaidi.

Sasa sikilizeni kosa la Kiwira. Fahali alikamilika, mweusi, baka jeupe kifuani, rangi ya mafuta inang'aa. Tulimpakia kwenye lori jua likiwa linawaka, nikaona turubai la nini, litamchubua rangi. Nimezaliwa Rungwe, nimekulia Rungwe, na bado nililiamini jua la asubuhi. Tulipofika Kiwira mvua ilitukuta barabarani bila kubisha hodi. Rangi ilizuia juu, lakini tumboni nilikoacha mlango hakukuwa na rangi, na maji ya barabarani yalirukia humo. Kabla hatujapata kibanda cha kujikinga, Bwana Shamba alikuwa ameketi. Wauza ndizi walitoka na miavuli kumtazama. Mmoja aliuliza tumemlisha nini. Mwenye duka alipoletewa habari alisema ng'ombe aliyelala ni tangazo baya kwa dawa za mifugo, na siwezi kumlaumu. Baadaye nilimtengenezea kichwa kitupu cha kutundika ndani ya duka, akaridhika.

Nilimrudisha fahali zizini, nikamtupa pembeni, nikalala siku mbili nimejifunika gubigubi. Nilikuwa nimeamua kuacha. Mchana wa pili nikasikia kikohozi, kisha fimbo inagonga ukuta wa zizi, inagonga, haiachi. Nikaenda, nikasimama upande wangu.

"Bwana Shamba," mzee akasema, "mwambie fundi ng'ombe akianguka haachwi. Alete magunia."

Mnajua ng'ombe mgonjwa anavyoinuliwa? Unapitisha magunia chini ya tumbo, watu wanashika ncha upande huu na huu, wanainua kidogo kidogo huku wamemwekea vigogo vya migomba asirudi chini. Ndivyo tulivyofanya. Mzee upande wake, mimi wangu, katikati kuna tumbo lililolowa, na yeye anahesabu kwa Kinyakyusa kama anayeinua ng'ombe wa kweli. Aliwasha jiko la moshi na akalilinda yeye mwenyewe, asubuhi mpaka jioni, moto mdogo usiounguza, mpaka mbavu zikakaza tena. Mimi nikabandika upya, na safari hii nikapaka rangi ndani na nje, nikamalizia kwa nta ya mishumaa iliyoyeyushwa. Masikio niliyapaka nta mara nyingi zaidi, makusudi. Nilimwekea miguuni mianzi miwili ya kutelezea ili aweze kusukumwa na mtu mmoja. Tangu hapo mzee alimwita huyo wa maboksi fahali wake, na mimi sikubisha, kwa sababu ni yeye aliyemwinua.

Kisha ilifika siku niliyokuwa naiogopa. Mama Subi alikwenda Lupepo kwa bintiye aliyejifungua. Asubuhi niliweka bakuli la uji kwenye kizingiti cha mzee, nikaondoka haraka. Kikohozi sikukisikia. Saa sita nikachungulia kupitia migomba, bakuli lipo palepale, kuku wanalifaidi. Ambakisye yuko kiwandani, na kiwanda ni mbali. Mlangoni pa mzee siwezi kuingia, na kumwita siwezi. Nilisimama uani nimeshika kichwa. Halafu nikakimbilia zizini, nikamfunika Bwana Shamba nailoni kwa sababu ya manyunyu, nikamsukuma hadi mlangoni, nikajificha nyuma yake.

"Bwana Shamba," nikasema, "muulize mwenye nyumba mbona hajala."

Nilisubiri. Nilisikia kitanda kinalia.

"Mwambie kijiko kimekuwa kizito."

Nilisimama nimeegemea lile tumbo la maboksi, natamani lipasuke. Shingoni mwa fahali kulikuwa na kamba ya mgomba, mzee mwenyewe aliisuka, na ncha yake ilikuwa imeangukia ndani ya mlango. Nikaona inavutika. Ikakaza. Kisha mkono wake, mkono tu, ukaitoa nje kwa upande wangu.

"Mwanangu," akasema. Hakusema mwambie. "Nilisema nitatoa ng'ombe wangu. Wangu ni huyu. Shika kamba, kisha uingie unipe uji."

Nilishika kamba. Nilizunguka fahali, nikaingia, nikapiga magoti, na ilinichukua muda kuinua macho, kwa maana shingo ilikuwa imezoea kuinama. Nikaona sura ya Ambakisye iliyozeeka, ina mikunjo ya mtu anayependa utani. Naye alinitazama, akanitazama tena, uso na pande zote za uso.

"Kumbe," akasema, "yale masikio ni ya kwako."

Nilicheka uji ukamwagika. Nikapika mwingine, nikamlisha kijiko kwa kijiko, na nilimlisha hivyo kwa muda wote aliobakiwa nao. Tuligombana kila siku habari za chumvi. Katika maisha yangu sijapata rafiki aliyenikosoa kwa raha kama yeye.

Alipofariki, uani kulijaa watu mpaka barabarani. Desturi yetu mnaijua, kwenye msiba watoto na wakwe wanaleta ng'ombe. Wake wa shemeji zangu walirudi na waume zao, kila mmoja na ng'ombe wake, wakafungwa migombani wakisubiri kuchinjwa. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kama mimi nina chochote.

Nilikwenda zizini nikamtoa Bwana Shamba. Nilimsukuma mpaka karibu na kaburi, nikamfunga kamba yake kwenye mgomba kama wenzake. Mawingu yalikuwa yameshashuka, na Mzee Gwakisa, ambaye alinifundisha kila kitu kuhusu kuzuia maji, alikuja mbio na turubai. Nikamshika mkono. Nikamwambia, acha, mzee, ng'ombe wa msiba harudi zizini.

Mvua ya Tukuyu ikamchukua. Nta ilijitahidi, rangi ikajitahidi, lakini sikumfunika, na kufikia jioni mgongo ulikuwa umelala juu ya udongo mpya. Masikio ndiyo yaliyochelewa. Yalisimama juu ya kaburi mpaka asubuhi, yamechomoza kama milango ya kabati, yanasikiliza.